Pale Mtoto Anapotambua Kwamba Mwenzake Hajui

Baba yuko sokoni Mpanda, anapiga simu nyumbani. Mwanawe wa miaka mitatu, akiulizwa kama amekula, huitikia kwa kichwa tu. Wakubwa humwita jeuri, ilhali mtoto hajatambua bado kwamba baba haoni anachokiona yeye.

Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walieleza jaribio mashuhuri: kitu huhamishwa mwenyewe akiwa hayupo, kisha mtoto huulizwa mwenyewe atakitafuta wapi. Wa miaka mitatu kwa kawaida hutaja mahali kilipo sasa. Wa mitano hutaja pale kilipoachwa. Mwaka 1991 ikachapishwa habari ya jaribio kama hilo miongoni mwa Wabaka wa misitu ya Kameruni, kwa kokwa za maembe. Wengi wa watoto wa miaka mitano walijibu sawasawa.

Perner na wenzake waliona pia, mwaka 1994, kuwa wenye ndugu huwahi kufahamu. Habari njema kwa nyumba zetu za Katavi, zilizojaa watoto. Basi mama anapoamua ugomvi wa karanga asiishie kwenye "mrudishie", aongeze, "Dada yako alidhani umemnyang'anya."

Na wa miaka minne aanzaye kudanganya? Akanywe, kwani uongo ni haramu. Ila asibandikwe jina la muongo: ndiyo kwanza amegundua kwamba mama yake aweza asijue.