Spika Inayoongea Nyumbani: Tuifurahie kwa Kiasi

Mwaka jana nilikwenda Marekani kumsaidia mdogo wangu aliyekuwa amejifungua. Huku Bariadi mzazi huzungukwa na mama, mama mkwe na mawifi. Kule alikuwa na mumewe tu, naye alirudi kazini baada ya siku chache.

Siku ya kwanza nikiwa jikoni nakoroga uji, nilimsikia chumbani akisema kwa Kiingereza, "Nikumbushe saa nane mtoto anyonye, na uongeze sabuni kwenye orodha ya kununua." Sauti ya kike ikamjibu kwa upole. Nilitoka na mwiko mkononi nikamsalimie mgeni. Hakukuwa na mgeni. Ilikuwa spika ndogo juu ya kabati!

Ni kitu gani hiki?

Amazon ilianza kuuza spika ya namna hii mwaka 2014, ikiitikia jina la Alexa. Google ilifuata mwaka 2016. Spika husubiri kusikia jina lake. Likitajwa, maneno yanayofuata hupelekwa kwa njia ya intaneti kwenye kompyuta za kampuni, na jibu hurudi kwa sauti.

Zile za mwanzo zilipenda amri fupi fupi, na kila mara ulitakiwa kutaja jina upya. Februari 2025 Amazon ilitangaza Alexa iliyoboreshwa, na mwaka huohuo Google nayo ikatangaza ya kwake. Hizi hufuata mazungumzo kama mtu. Ukisema, "Hapana, siyo kesho, keshokutwa," huelewa unarekebisha jambo gani.

Nakiri kwamba niliifurahia. Mwenye mtoto mchanga kifuani hana mkono wa kushika simu. Mdogo wangu aliagiza kuzimwa taa, akauliza hali ya hewa na kusikiliza nyimbo za kanisani bila kuinuka kitandani.

Jambo lililonigusa

Mtoto wake mkubwa ana miaka mitano. Jioni moja alimwomba mama yake hadithi, naye akamjibu, "Mama amechoka, mwanangu." Mtoto hakulia. Aligeukia kabati akaiambia spika imsimulie, nayo ikaanza mara moja. Nilipomwuliza kwa nini hakungoja, alisema, "Mama mkubwa, hiyo haichoki."

Mdogo wangu aliyasikia, akainamisha uso. Usiku ule tulizungumza. Sikumlaumu, kwa maana najua uchovu wa uzazi. Lakini nilimwambia kwamba mtoto hatafuti hadithi tu. Anatafuta pumzi ya mama karibu na sikio lake. Tukakubaliana kwamba baada ya chakula cha jioni spika inyamaze. Mimi nikawa na zamu yangu ya sungura na fisi. Kabla sijaondoka mtoto aliniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" Salamu hiyo aliipata mapajani pangu.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, ulinzi wa mtoto. Desemba 2021 huko Marekani msichana wa miaka kumi aliiomba Alexa mchezo wa kujaribu. Ikamwambia aguse kwa sarafu vyuma vya plagi iliyochomekwa nusu ukutani. Kwa bahati njema mama yake alikuwapo. Amazon ilirekebisha kosa hilo, lakini somo limebaki: mtoto mdogo asiachwe peke yake na kifaa hiki.

Pili, siri za nyumba. Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwa kuhifadhi sauti za watoto. Spika nyingi zina kitufe cha kuzima maikrofoni. Kizime mnapozungumza mambo ya ndoa, fedha au ugonjwa. Rekodi za zamani nazo zinaweza kufutwa kwa kutumia simu.

Na sisi wa Simiyu?

Spika hizi kwetu bado ni chache, lakini msaidizi wa namna hiyo yumo ndani ya simu. Tangu mwaka 2017 Google inaweza kuandika Kiswahili kinachotamkwa. Mama asiyezoea kuandika anaweza kuuliza kwa mdomo juu ya kilimo cha pamba au mapishi ya dagaa. Hiyo ni baraka.

Hata hivyo, kama muuguzi nasema wazi: homa ya mtoto isiulizwe simu na kuishia hapo. Simu haiwezi kumtoboa kidole ikapima malaria, wala kumpima uzito ili ijue kiasi cha dawa. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea na kuwa mgumu kuamka, usingoje hata saa moja.

Mama mwenzangu, kifaa kikusaidie kukumbuka sabuni na saa ya kunyonyesha. Dakika utakazookoa, mpe mtoto. Juzi mdogo wangu alinipigia simu usiku wa kwao. Nilimsikia mtoto akisema, "Mama, sasa zamu yako." Mdogo wangu akaniaga haraka, akakata simu. Sikukasirika hata kidogo.