Mechi 30, Wapinzani 10: Hesabu ya Haki Kwenye Besiboli ya Vyuo

Ukitaka kumweleza mjomba wako wa Dar kwa nini mashabiki wa besiboli ya vyuo vya Marekani wanalalamikia ratiba kila mwaka, anza na Simba na Yanga. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16, na kila timu inacheza mechi 30. Hesabu yake ni nyepesi: wapinzani 15, mara mbili kila mmoja, nyumbani na ugenini. Unaweza kulalamika kuhusu viporo au refa, lakini huwezi kusema mwenzako kapangiwa wapinzani rahisi kuliko wako.

Sasa njoo SEC, konferensi yenye vyuo kama LSU, Arkansas na Tennessee. Tangu Texas na Oklahoma waingie mwaka 2024, nayo ina timu 16. Na kila timu inacheza mechi 30 za konferensi. Namba zilezile kabisa! Ila zinagawanywa vingine: mechi tatu kwa wikiendi, wikiendi 10, wapinzani 10. Wale watano waliobaki hukutani nao kwenye msimu wa kawaida. Na mechi zote tatu zinachezwa uwanja mmoja. Ukipangiwa kwenda Arkansas, umekwenda. Mwaka huo wao hawaji kwako.

Kwa nini wasicheze wote na wote? Sababu kubwa ni warushaji. Mkono wa mrushaji unahitaji siku kadhaa za kupumzika, kwa hiyo kocha anampanga mmoja Ijumaa, mwingine Jumamosi, wa tatu Jumapili. Ukicheza na timu wikiendi nzima, umeipima kweli. Halafu msimu una wikiendi 14 hivi, kuanzia katikati ya Februari hadi katikati ya Mei, na wachezaji wenyewe ni wanafunzi. Wikiendi 15 za konferensi utazitoa wapi?

Kwa hiyo hakuna njama hapa. Tatizo ni kile kinachotolewa mwishoni. Kwenye mashindano ya SEC ya mwaka 2025 huko Hoover, Alabama, timu nne za juu ziliruka raundi mbili na kuingia moja kwa moja robo fainali, warushaji wao wakiwa hawajachoka. Nafasi hizo zinatokana na ushindi na kushindwa tu, bila kuuliza ulicheza na nani. Lakini RPI, kipimo ambacho kamati ya NCAA imekitegemea kwa miaka mingi, kinauliza: robo yake ni matokeo yako mwenyewe, nusu ni ya wapinzani wako, na robo ni ya wapinzani wa wapinzani wako. Yaani NCAA inakubali kwamba ratiba hazilingani, halafu msimamo wa konferensi unasomwa kana kwamba zinalingana.

Watetezi watakwambia wapinzani wanazunguka: wawili ni wa kudumu, wanane wanabadilika, baada ya miaka michache mambo yanasawazika. Kwa chuo, sawa. Chuo kitakuwepo. Lakini kijana wa mwaka wa nne hana mwaka ujao wa kulipwa deni lake. Mzunguko unamtendea haki aliyevaa nembo mwaka kesho, si yeye.

Mimi ningeacha wikiendi ya mwisho wazi. Timu zinazokaribiana kwenye msimamo na ambazo hazijakutana, zikutane hapo. Ndiyo, wazazi watapata shida ya tiketi na hoteli. Lakini ikiwa nafasi ya nne na ya tano zinatenganishwa na mechi moja, na timu hizo mbili hazijawahi kuonana mwaka mzima, basi aliyeamua ni kalamu ya mpanga ratiba. Mjomba wa Dar hilo angelielewa mara moja.