Roho ya Mungu au Roho wa Mungu?

Msomaji wa Biblia ya Union Version, tafsiri iliyotolewa mwaka 1952 ili kuwaunganisha Wakristo waliokuwa wakitumia ama Biblia ya Kiunguja ama ile ya Kimvita, hukutana na "Roho ya Mungu" katika Mwanzo 1:2, lakini afikapo Warumi 8:14 husoma "Roho wa Mungu". Tofauti hiyo ya herufi moja hupitwa na wengi bila kuonekana, ilhali ndani yake umo uamuzi mzito wa kitheolojia, kwa maana "ya" huiweka roho katika ngeli moja na nyumba na nguo, na "wa" humtaja aliye hai, mwenye nafsi.

Jambo hili hutokana na upatanisho wa kisarufi, yaani utaratibu ambao kwao nomino hutawala viambishi vya maneno yanayoambatana nayo. Kiebrania na Kigiriki hugawa nomino kwa jinsia, wala si kwa uhai: neno la Kiebrania ruach, lenye maana ya upepo, pumzi na roho, kwa kawaida ni la kike, na pneuma la Kigiriki si la kiume wala la kike. Mwandishi wa Kiebrania aliweza kuiacha maana iwe pana, lakini Kiswahili humdai mfasiri jibu na hakimruhusu kunyamaza. Johann Ludwig Krapf, aliyeanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844, alidaiwa jibu hilo katika mstari wa pili tu wa kazi yake.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika Yohana 1:1. Kwa sarufi ya kawaida neno huwa "hili" na "lilikuwa", lakini Union Version, na baadaye Biblia Habari Njema, humpa Neno viambishi vya mtu, likawa "naye" na "alikuwa". Logos, neno la Kigiriki lililotafsiriwa "Neno", ni nomino ya kiume, lakini jinsia hiyo peke yake haithibitishi kwamba ni nafsi, kwani hata artos, yaani mkate, ni ya kiume. Wafasiri waliusoma mlango wote, wakaona kwamba Neno huyo ndiye aliyefanyika mwili, wakaivunja kanuni ya sarufi kwa makusudi; na walifanya vyema.

Nyenzo za kidijitali zimemleta msomaji wa kawaida karibu na maswali haya kuliko wakati wowote uliopita. YouVersion, programu ya simu iliyoanza mwaka 2008, ina tafsiri kadhaa za Kiswahili bila malipo, na STEPBible ya Tyndale House, Cambridge, huonyesha neno la asili nyuma ya neno lililotafsiriwa. Nyenzo nyingi za namna hii hutegemea namba za James Strong, ambaye itifaki yake ya mwaka 1890, yaani orodha ya maneno ya Biblia pamoja na mahali yapatikanapo, ililipa kila neno la asili namba yake. Pneuma ni 4151, na anayeifuata namba hiyo katika Yohana 3:8 hugundua kwamba "upepo" na "Roho" katika mstari huo ni neno moja la Kigiriki, jambo ambalo Kiswahili kimelazimika kulificha.

Hata hivyo namba hizo hufuata maneno ya asili, nazo kwa sehemu kubwa zimeunganishwa na tafsiri za Kiingereza. Uchaguzi kati ya "ya" na "wa" hauna neno la Kigiriki wala la Kiebrania nyuma yake, kwa hiyo hauna namba, na hakuna utafutaji wa simuni utakaoufichua. Mhubiri anayesimama kueleza maana ya Kigiriki kwa kutegemea namba peke yake aweza kuwa ameupita uamuzi mkubwa kuliko yote katika mstari, nao ulikuwa mbele ya macho yake kwa lugha yake mwenyewe.

Kinachohitajika ni itifaki ya kidijitali iliyojengwa juu ya Biblia ya Kiswahili yenyewe, itakayoorodhesha viambishi pamoja na maneno, na itakayoonyesha kila mahali ambapo tafsiri moja imeandika "ya" na nyingine "wa". Vyuo vya theolojia na idara za Kiswahili za vyuo vikuu vinapaswa kuifanya kazi hiyo kwa pamoja, kwa kuwa hakuna upande unaoweza kuikamilisha peke yake.