Ziwa Tanganyika iko na mulango moja tu

Mama akileta ndakala kwa meza, unajua zinatoka wapi? Nyingi zinatoka katika ziwa Tanganyika. Tuangalie leo ziwa ile, maana wengi wetu tuko na jamaa kule Kalemie.

Wewe wa kazi ya mukoti utaelewa mbio. Shimo namba 5 ya Kipushi inashuka metri 1.240. Ziwa Tanganyika inashuka mpaka metri 1.470! Katika dunia yote ziwa moja tu inaipita: Baikal, kule Urusi.

Sababu gani? Zamani sana, miaka milioni nyingi, udongo ulipasuka polepole. Katikati ikazama, milima ikabaki pembeni, na mayi ikajaza ule mufereji. Urefu wake kilometri karibu 670, upana karibu 50. Inchi 4 zinaigawana: Congo, Tanzania, Burundi na Zambia.

Sasa sikia neno kubwa. Mito mingi inaingia mule: Ruzizi, Malagarasi na mingine. Wa kutoka ni mumoja tu, Lukuga, pale Kalemie. Unakwenda kuungana na Lualaba yetu. Tena mulango ule ni mudogo. Sehemu kubwa ya mayi inatoka kwa jua, inapanda kama mvuke. Kwa hiyo mvua ikizidi miaka kadhaa, ziwa inajaa na haishuke mbio. Kumbe tulikwisha kuona. Katika 1876 Stanley alikuta Lukuga imezibwa na matope na majani, na ziwa inapanda. Nyuma ya miaka kidogo kizuizi kikabomoka. Na katika 2020, 2021 na 2024 mayi iliingia mu manyumba ya watu kule Kalemie, Uvira na Bujumbura.

Basi, kama jamaa anakuambia: «Nimepata parseli ya bei kidogo karibu na mayi», usifurahi mbio. Umuulize: katika 2024 mayi ilifika wapi? Aende kwa wazee wa kartiye, wamuonyeshe alama kwa ukuta. Kama ilifika pale, asijenge, hata wakimupunguzia bei. Apande juu, hata kama mama atachota mayi mbali.

Yesu alisema juu ya mutu aliyejenga kwa muchanga. Watu wa Kalemie wanaelewa mufano ule kutupita. Ziwa haina ubaya: inatulisha. Lakini iko na mulango moja, na ikijaa inarudia nafasi yake.