Baiskeli Inakupandisha, Haikushushi

Mwendesha baiskeli wa Masisi, mashariki mwa Kongo, ana haki ya kujiamini. Anayetoka Sake, akapanda hadi Kilolirwe na kuendelea mpaka Kitshanga huku akishuka kwenye tandiko mara chache tu, ana moyo na mapafu ambayo mtu wa Mombasa angeyaonea wivu. Ndiyo maana wengi wa aina yake, wakipata nafasi ya kupanda mlima kwa kujifurahisha, hawaoni haja ya mazoezi mengine. Wanafika kileleni kabla ya wenzao, wanapiga picha, wanacheka. Kesho yake wanashuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani.

Msuli hufanya kazi kwa namna mbili. Unaweza kuvuta huku ukifupika, na unaweza kuzuia huku ukirefushwa. Ukikanyaga pedeli, msuli wa mbele ya paja unafupika na kusukuma. Mguu ukirudi juu, msuli huo unapumzika. Karibu kazi yote ya baiskeli ni ya namna hiyo ya kwanza. Ukiteremka kwa miguu mambo yanageuka: goti linakunjika, uzito wa mwili unaendelea kushuka, na msuli uleule unang'ang'ania kuuzuia huku ukivutwa. Hapo nyuzi zake hupata majeraha madogo madogo. Maumivu hayaji papo hapo. Huanza siku ya pili na huweza kuzidi hadi ya tatu. Kwenye baiskeli mteremko ni wakati wa kukaa na kubana breki, kwa hiyo mtu anaweza kuendesha miaka kumi na paja lake lisijifunze kazi hiyo hata siku moja.

Tupime kwa mlima tunaouona. Njia ya kupanda Nyiragongo huanzia Kibati, chini kidogo ya mita 2,000, na ukingo wa volkeno uko mita 3,470. Kwa sasa vita vimeufunga mlima huo kwa matembezi, lakini hesabu yake inabaki kuwa funzo. Ukishuka mita 1,500 kwa hatua zenye kimo cha sentimita 20, umetua mara 7,500, na nyingi kati ya hizo ni juu ya mawe ya lava yanayoviringika chini ya soli. Karisimbi, mita 4,507, inadai zaidi. Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109, inadai siku kadhaa mfululizo za kushuka huku mapaja tayari yamechoka.

Habari njema ni kwamba msuli hujifunza haraka kuliko tunavyodhani. Mteremko mmoja mrefu wa kutosha kukuletea maumivu ya wastani unaukinga msuli kwa wiki kadhaa. Ukirudia kazi ileile, maumivu yanakuwa madogo sana. Basi wiki tatu hivi kabla ya safari, panda kilima kirefu kilicho karibu nawe na ushuke kwa miguu, bila haraka, ukibeba mzigo mdogo. Rudia baada ya wiki moja kwa mzigo ulioongezeka kidogo. Siku kumi za mwisho usiongeze kitu. Kama ni zoezi moja tu utakalolikumbuka katika makala haya, liwe hilo.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta walimu. Watazame akina mama wanaorudi kutoka mashambani juu ya Kitshanga, gunia la viazi mgongoni, kamba ikipita juu ya paji la uso. Hatua zao ni fupi. Goti halinyooki kabisa hata mara moja. Mguu unatua chini ya kiwiliwili, wayo mzima, wala hautangulii mbele kwa kisigino. Njia ikiteleza hukata mteremko kwa upande, kushoto kisha kulia, badala ya kuufuata moja kwa moja. Kijana mwenye baiskeli hushuka kinyume cha hayo yote: hatua ndefu, goti limenyooka, kisigino kinagonga. Goma wamemsimamishia mwendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, sanamu ya rangi ya dhahabu, na anastahili, maana kusukuma mamia ya kilo za makaa na viazi si mchezo. Sanamu ya mama mwenye gunia bado sijaiona.

Wengine huuliza kama mazoezi ya nguvu na ya pumzi yanaharibiana. Hofu hiyo ina asili yake. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, alichapisha matokeo ya jaribio la wiki 10: waliofanya yote mawili kwa pamoja waliongeza nguvu kama wenzao kwa muda, kisha nguvu zikasimama na katika wiki za mwisho zikaanza kurudi nyuma. Lakini tazama kiasi chao: siku tano kwa wiki za nguvu, na juu yake siku sita za pumzi. Mtu anayefanya kazi yake ya kila siku na kupanda milima kwa kupenda hafiki huko. Kwake inatosha kuendesha baiskeli siku mbili au tatu kwa mwendo unaomruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, siku moja ya kilima kwa miguu, na dakika 15 za nguvu mara mbili kwa wiki. Nguvu yenyewe haihitaji chumba cha vyuma. Simama juu ya kizingiti au tofali kwa mguu mmoja, shusha kisigino cha mguu wa pili polepole ukihesabu mpaka tatu, kiguse ardhi, rudi juu. Fanya mara nane, badilisha mguu. Asiyeumia goti anaweza kuongeza jiwe ndani ya begi.

Tena, mpango wa aina hii unafaa mahali ambapo mtu hawezi kuahidi barabara itapitika kesho. Tangu waasi wa M23 waingie Kitshanga mwishoni mwa Januari 2023, na hata kabla ya hapo, kuitegemea safari ndefu ya baiskeli kama zoezi kuu ni kujidanganya. Kilima kimoja salama, kinachojulikana, kikipandwa na kushukwa mara nne, kinatoa karibu kila kitu unachohitaji. Kinachosha roho, nakubali.

Kuna jambo moja ambalo mazoezi hayalipi. Kitshanga iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mwenyeji anaanza akiwa mbele kidogo ya mgeni wa pwani. Lakini shinikizo la hewa ukingoni mwa Nyiragongo ni karibu theluthi mbili ya lile la pwani, na juu ya Margherita ni zaidi kidogo ya nusu. Ugonjwa wa kimo hauchagui mzembe na mwanamichezo. Pengine humpata zaidi mwenye mapafu mazuri, kwa kuwa anapanda upesi mno. Kuanzia mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, usipande tena. Hali ikizidi, shuka.

Sasa vifaa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tuanze na gia. Baiskeli nyingi tunazozijua zina gia moja: meno 44 mbele na 18 nyuma. Kila mzunguko wa pedeli unaisogeza baiskeli mita 5.4 hivi. Chukua mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, na uzito wa mtu pamoja na baiskeli uwe kilo 85. Hata ukizungusha pedeli polepole, mara 40 kwa dakika, miguu yako inatakiwa kutoa karibu wati 300 kuushinda mlima tu, kabla ya kuhesabu matope. Mtu wa kawaida mwenye mazoezi hudumu kwenye wati 150 hadi 200 kwa muda mrefu. Kushuka na kusukuma, basi, si uvivu. Ni hesabu.

Baiskeli ya milimani yenye meno 22 mbele na 34 nyuma inasogea chini ya mita moja na nusu kwa kila mzunguko. Mlima uleule, mizunguko 60 kwa dakika, unadai wati 115 hivi, na juu yake kidogo kwa ajili ya barabara mbovu. Mwendo ni wa chini ya kilomita tano kwa saa, sawa na wa mtembea kwa miguu, lakini moyo unafanya kazi inayodumu badala ya kupasuka. Kwa mwenye gia moja, fundi anaweza kuondoa gia ya nyuma ya meno 18 na kuweka ya 22. Utapoteza mwendo kwenye tambarare, na Masisi tambarare ni chache. Lakini kabla ya gia, tengeneza breki. Mvua ikilowesha rimu za chuma, breki za zamani huchelewa kushika kiasi cha kutisha.

Viatu ndiyo ununuzi wa kwanza wa mpandaji. Kilo moja mguuni inauchosha mwili kama kilo nne hadi sita mgongoni. Buti za mpira zina mahali pake: wapandaji wa Rwenzori huzivaa kwenye matope ya mabonde ya juu, na hawakosei. Kwenye lava kavu ni nzito, mguu unateleza ndani, na kifundo cha mguu hakishikwi. Katika marundo ya mitumba ya Goma hupatikana viatu vizuri vya mlimani kwa bei ndogo, ila kuna mtego. Soli za kati za poliyurethani huoza kwa unyevu hata zikiwa ndani ya sanduku, na baada ya miaka kumi hivi zinaweza kubanduka nzima nzima njiani. Kabla ya kulipa, bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba ule ukanda ulio kati ya ngozi na mpira wa chini. Ukirudi polepole, sawa. Ukipasuka, ukimeguka kama unga au ukabaki na shimo, rudisha kiatu hata kama ngozi inang'aa. Kisha kunja kiatu mara kadhaa na uchungulie ubavuni kama gundi inaachia. Chukua namba inayobakiza nafasi ya kidole mbele ya vidole, kwa kuwa kwenye mteremko mguu husukumwa mbele, na kucha nyeusi hazianzi kwingine.

Kofia ngumu ya baiskeli nayo watu huipeleka mlimani, wakiona wameokoa fedha. Imetengenezwa kwa ajili ya kichwa kinachoanguka chini, na povu lake likishabonyea kwa pigo moja halifai tena. Ya mlimani hupimwa kwa jiwe linalotoka juu. Kwa matembezi ya njia za kawaida huhitaji yoyote kati ya hizo mbili. Kwenye miamba inayomeguka, ya baiskeli iache nyumbani, kisha ukodi ile ya mlimani kwa waongozaji.