Norfolk: Hoteli iliyotazama barabara ya Thuku

HOTELI ya Norfolk jijini Nairobi ilifunguliwa Desemba 25, 1904, miaka mitano tu baada ya reli kufika. Baraza yake, iliyojengwa ikitazama barabara, iliwapa walowezi wa Kizungu mahali pa kunywa, kupanga safari za uwindaji na kujadili siasa. Mwafrika aliingia humo kama mtumishi tu.

Machi 16, 1922, umati ulikusanyika kwenye kituo cha polisi kilichokuwa karibu, ukidai Harry Thuku aachiliwe. Polisi walifyatua risasi, na inasimuliwa kuwa walowezi waliokuwa barazani nao walifyatua zao. Zaidi ya watu 20 waliuawa, akiwemo Muthoni Nyanjiru.

Leo, mgeni anayefika katika hoteli hiyo hupitia Barabara ya Harry Thuku.