Fahamu: Kengele ya pampu ikilia, je, pampu ni mbovu?

Katika migodi ya chini ya ardhi kama Bulyanhulu na Geita, pampu ya maji ikizimika ghafla, maisha ya watu huingia hatarini. Tuseme kati ya pampu 100, 10 zina beringi zilizolika. Kipima mtetemo kinagundua 9 kati ya hizo, lakini kinalia pia kwa pampu 18 zisizo na tatizo. Basi kikilia, uwezekano wa ubovu ni 9 kati ya 27: theluthi tu!

Programu zinazotumia kanuni ya uwezekano ya Thomas Bayes, iliyochapishwa 1763, huongeza dalili nyingine, kama joto au chembe za chuma kwenye oili, na kukokotoa upya. Fundi ndiye anayeamua: kufungua leo au kusubiri.

Hata wenye makarasha madogo (mashine za kusaga mawe ya madini) wasio na programu hizo wanaweza kuanza na daftari la saa za kazi na hitilafu za mashine zao.